Samadi Nyeupe

Kuna watu hununua chombo bila kwenda kutazama mahali kitakapofanyia kazi, na kaka yangu ndiye mkubwa wao. Simsengenyi. Nimeshamwambia usoni, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, mbele ya mkewe na mbele ya mama, na kila mara alinijibu kwa kujirekebisha kofia. Kwa hiyo nikiandika hapa sitoi siri ya mtu.

Mama alikuwa na konde Quriyat, huku Oman. Baba alilinunua zamani, wakati watu wa mjini walikuwa hawajaanza kuitamani ardhi ya huko. Akapanda mitende kuzunguka ua, na ile sehemu ya wazi ya katikati akamwachia mama. Mama alikuwa mtoto wa Pemba, amekulia kwenye mpunga, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuigawa ardhi ile kwa matuta madogo ya udongo ili maji ya kisima yatuame. Vipande hivyo akaviita majaluba, kama alivyoviita kwao. Waarabu wa jirani nao walikuwa na neno lao linalokaribia hilohilo, na nadhani ndilo jambo la kwanza walilokubaliana naye.

Mpunga usingeota pale, basi akapanda qati, majani ya kulishia mbuzi. Ukishayapanda vizuri unayakata, yanaota, unayakata tena, miaka na miaka, mpaka yanazeeka na kuanza kuacha vipara. Mbuzi wake walikula majani hayo tu. Sisi tulikuwa tukiishi naye Al Khoudh, nyumbani kwangu, na kila mwisho wa juma lazima apelekwe Quriyat, kupitia ile barabara ya zamani ya milimani iliyokuwa ikinitapisha. Akifika anavua viatu. Tangu baba afe, pale ndipo mahali pekee nilipokuwa nikimsikia akiimba.

Kaka yangu alikuwa akiishi Azaiba na alikuwa mtu wa wizarani. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama, na kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni mwa kanzu ya Kiomani alikichovya uturi hata siku za kazi. Alikuja Oman akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, na alipoanza kazi aliamua kwamba Kiswahili kinamchafua. Wanawe aliwakataza. Mama akizungumza nao, yeye anawatafsiria kwa Kiarabu, mama amekaa palepale, kana kwamba ni mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege asubuhi ile. Nilikuwa nikikasirika sana.

Na lile konde alikuwa akilimezea mate. Siku zile ilishaingia fasheni ya kuwa na shamba la mapumziko: unamwaga saruji, unachimba bwawa la kuogelea, unaweka taa za rangi, unawapangisha watu Alkhamisi na Ijumaa. Kaka alikuwa amekwisha kuchora bwawa lake kichwani, na lilikuwa limekaa katikati ya majaluba ya mama.

Mwaka ule ukampa nafasi. Qati ilikuwa imezeeka, ikabidi ing'olewe yote na kupandwa upya, na mwaka huohuo bega la kulia la mama likagoma. Mkono haukupanda kupita kifua. Hata kujitupia mtandio ilikuwa lazima nimsaidie. Na mbegu za qati zinasiwa kwa kurushwa: unachota kiganjani, unauzungusha mkono wote kutoka begani, mbegu zinatawanyika sawasawa. Mimi nimejaribu, na zangu huanguka mafungu mafungu.

Kaka akaja kwangu na mjomba, ndugu yake mama, mzee aliyekuwa bado na sauti katika ukoo. Akaanza kusema kwa upole ule wa kuuzia vitu.

"Mama, umri umekwenda. Lile shamba linakuua. Tulifanye kitu cha maana, wewe upumzike."

"Mimi nnapumzika kondeni," mama akasema.

"Kwa bega hilo utasia vipi?"

Mimi nilimchukia kaka kwa kuliuliza swali lile mbele ya watu. Mjomba akakata shauri. Mama apande msimu ule. Ikifika Idi Kubwa na qati imeota, mbuzi wanakula cha konde, basi hakuna wa kuligusa tena akiwa hai. Isipoota, kaka achimbe bwawa lake. "Na wewe," mjomba akamwambia kaka, "umsaidie mamako. Usikae ukimtazama." Kaka akasema inshallah, na mimi nikasema moyoni, huyu atasaidia kama paka anavyosaidia kuchunga samaki.

Basi alianza kusaidia. Wiki haikuisha alituita Quriyat tukaone. Alikuwa amenunua mashine ya kusia kutoka duka moja la barabara kuu ya Azaiba: karai kubwa la plastiki la kijani juu ya magurudumu mawili, na mpini mrefu wa kusukumia. Unalisukuma, magurudumu yanazungusha sahani chini ya karai, na kinachodondoka kinarushwa huku na huku. Aliniambia ni ya Ulaya. Mwenye duka alimwonesha picha ya mzungu akilisukuma juu ya uwanja wa majani uliolala sawa kama meza.

Mama akalizunguka. "Gari la harusi hili," akasema. "Litapita wapi?"

"Humu."

"Juu ya matuta?"

Kaka akalisukuma kuonesha. Likaenda vizuri hatua chache likagonga tuta, likakwama. Akalinyanyua, akalivusha, likagonga jingine. Na alipotia mbegu ndiyo ikawa aibu zaidi, maana tundu lake lilitengenezwa kwa chengachenga kubwa za mbolea, na mbegu za qati ni ndogo kuliko ufuta. Zilimwagika zote chungu moja, hata kabla hajaanza kusukuma. Mama akachuchumaa kuziokota kwa mkono wa kushoto.

"Basi vunjeni matuta," kaka akasema kwa Kiarabu, akijipangusa.

Vunjeni matuta! Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mtu haujui mguu, ananunua kiatu, kikibana anataka mguu ukatwe.

Siku ya pili nilikwenda mwenyewe Azaiba, na nilikwenda na mama, maana bega ni lake. Muuzaji alikuwa Mhindi mpole, Kiarabu chake cha dukani na changu tukasikilizana. Akatutolea mashine zote alizokuwa nazo. Nyingi zilikuwa za magurudumu, nikazikataa kabla hajazifuta vumbi. Halafu akashusha kutoka juu ya rafu mfuko wa turubai wenye mkanda wa kuvaa shingoni, na chini yake kisahani na mkono wa kuzungusha. Unauvaa mbele ya tumbo, unatembea, unazungusha, basi.

"Vaa, mama," nikamwambia.

Akauvaa juu ya buibui. Nikamtazama bega. Mkono wa kuzungusha ulikuwa usawa wa kiuno, na kazi yote ilifanywa na kiwiko na kifundo cha mkono, kama unapozungusha mashine ya kusagia nyama. Bega halikusogea hata kidogo. Mama akazungusha bure, mfuko mtupu, akizungusha akanitazama, na uso wake nilikuwa sijauona hivyo tangu baba afe.

Lakini sikununua papo hapo, nilishajifunza. Nilimwomba muuzaji mchanga mkavu, akachota kwenye ndoo ya kuzimia moto iliyokuwa mlangoni. Nikautia ndani ya mfuko, nikafunga tundu la chini nikautikisa: ule wa kwanza ulivuja, nikamrudishia akashusha mwingine. Wa pili haukutoa hata chembe. Nikafungua kidogo, upana wa ukucha, mama akazungusha, mchanga ukatoka taratibu na kutua dukani kote, juu ya makopo ya rangi na juu ya mabomba. Muuzaji akacheka akaenda kutafuta ufagio. Nikavuta mkanda kwa nguvu nione kama utakatika, nikauliza kama sahani inachomoka kuoshwa. Inachomoka. Tukauchukua.

Mama alisia konde lote yeye mwenyewe. Alichanganya mbegu na mchanga ili zisikimbilie kutoka kwa pamoja, akatembea jaluba moja hadi jingine akiruka matuta kama msichana, mkanda shingoni, akiimba. Mimi nilifuata nyuma na ufagio wa makuti nikizifukia kidogo. Ilikuwa siku ya raha, na ndani ya raha ile nilikuwa bado na hasira na kaka, kwa sababu angekuwa na macho angeona raha hii haihitaji bwawa.

Ilibaki kazi moja. Mbegu ndogo ukiziacha wazi, ndege wanazila na maji yanazisukuma pembeni. Mama alizifunika siku zote kwa samadi ya mbuzi, iliyokauka, ikapondwa na kuchekechwa mpaka ikawa laini. Tulikuwa tumekwisha kuichekecha, magunia yalikuwa yamesimama kando ya banda. Lakini usiku ule bega likavimba, asubuhi daktari akamkataza kutoka, na mimi siku ile nilikuwa na kazi yangu shuleni. Kaka akapiga simu, na safari hii alitaka kweli kusaidia, kwa sababu mjomba alikuwa amemuuliza.

Nilikuwa karibu. Nilimsikia mama anavyosema, neno kwa neno.

"Mbegu tushazisia. Wewe ukenda, zifunike kwa samadi. Usifanye choyo, mwanangu. Tia mpaka udongo usionekane. Halafu mwambie yule mfanyakazi afungulie maji."

"Zen, mama, zen," sauti ya kaka ikasema ndani ya simu, yaani sawa, kwa Kiarabu chake.

Kaka akaja Ijumaa baada ya sala, amebeba halua, anameremeta. Alikaa, akamiminiwa kahawa, akaanza kujisifu kabla hajainywa. Lile gari la harusi tulilolicheka, akasema, limefanya kazi ambayo mfuko wetu usingeweza. Amelisukuma mwenyewe, kwa mikono yake. Kweli matuta yalimsumbua, majaluba ya chini hakufika, mgongo ulimuuma. Lakini ya juu yote ametia samadi kama alivyoambiwa.

"Mpaka udongo usionekane, mama. Ukisimama mlangoni unaona nyeupe pe."

Mama alikuwa ameshika kipande cha halua. Akakirudisha sahanini.

"Nyeupe?"

"Nyeupe pe."

"Samadi nyeupe?"

Kaka akatutazama, akacheka. "Samad, mama. Samad! Magunia nimenunua mimi."

Hapo nikaelewa. Kwa mama, na kwangu, na kwa kila mtu aliyenyonya Kiswahili, samadi ni mavi ya mifugo. Kwa Mwarabu samad ni mbolea yoyote, na ukilisema neno hilo katika duka la Azaiba utapewa zile punje nyeupe za chumvichumvi za kiwandani, ambazo jaluba zima linatosheka na viganja vichache. Neno lilitoka kwa mama likiwa la Pemba, likaingia sikioni mwa kaka likawa la wizarani. Alikuwa amezifunika mbegu za mama kwa kitu kile kama mtu anavyotandika blanketi, halafu akaamuru maji yafunguliwe. Magunia ya samadi yenyewe aliyapita, akiziba pua bila shaka.

Sikungoja kahawa iishe. Nilimtia mama garini, bega lake na yote, tukaenda. Tulipofika, majaluba ya juu yalikuwa yamekauka maji yake na kuacha ukoko mweupe unaometameta. Mama akafukua kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimekwisha kuvimba na kuanza kuchipua, na vile vichipukizi vilikuwa vya kahawia, vimeungua.

"Kaniulia," akasema. Hakulia. Heri angelia.

Mimi nilimchukia kaka siku ile, nalisema wazi. Sikuamini kwamba alikusudia, na bado nilimchukia, kwa sababu alilitupa neno la mama yake miaka ishirini nyuma, akalipata jingine linalofanana, hata hakugundua kuwa kilichomo ndani si kilekile. Nilipiga teke lile gari la harusi mpaka karai likapasuka. Mfanyakazi wetu, Mbangladeshi wa watu, akasogea mbali kidogo.

Basi tulifanya tulichoweza. Majaluba ya chini, kwa sababu magurudumu yalishindwa kuvuka matuta, yalikuwa salama, wala maji hayakufunguliwa huko, mbegu zimelala tu zinasubiri. Matuta yale aliyotaka tuyavunje ndiyo yaliyoyaokoa. Tuliyafunika kwa samadi yetu, jioni ileile. Ya juu tukayafungulia maji siku baada ya siku yaondoe ile chumvi, tukasia tena, na yakaota majani machache ya manjano, tukasia tena. Kila nilipompeleka, mama aliuliza imebaki muda gani hadi Idi, ingawa alijua kuliko mimi.

Idi Kubwa ikafika. Siku ya mosi tulisali na kuchinja, na siku ya pili kaka akaja Quriyat na mjomba. Amevaa kanzu mpya ya Idi, nyeupe, na amefuatana na mtu wa kuchimba mabwawa, ambaye alikuja na gari lake ili apime. Siku ya Idi!

Konde lilikuwa hivi: chini, qati imefika katikati ya muundi, imeshikana, mbuzi wanaitafuna. Juu, vipara.

"Nusu," kaka akasema kwa Kiarabu. "Mjomba alisema iote. Hii ni nusu. Na tena si kosa langu, mama mwenyewe alisema samad. Nimetii amri yake."

Mjomba alikuwa hajaambiwa mkasa. "Kakwambia samadi, na wewe ukatia nini?"

"Samad."

"Nionyeshe."

Kaka akaokota ganda jeupe akampa. Mjomba akaligeuza kiganjani, akalinusa. Halafu akamtazama kaka kwa muda, kofia mpaka viatu, kama mtu anayeulizia mtoto huyu ni wa nani.

Mama hakungoja shauri. Alikwenda bandani. Alirudi ameukumbatia ule mfuko wa turubai kwa mkono wake mzima, umejaa samadi iliyochekechwa, akasimama mbele ya mwanawe.

"Vaa."

"Mama, kanzu..."

"Naiona. Vaa. Bwawa kachimbe kwako Azaiba, chini ya kitanda ukipenda. Lakini ukitaka radhi yangu, imo humu ndani ya mfuko. Vaa."

Sijui kwa watu wengine, lakini kwetu neno hilo likishatamkwa mbele ya mjomba hakuna tena la kujadili. Kaka aliinamisha kichwa, akapitisha mkanda shingoni. Mtu wa mabwawa akaegemea gari lake.

Alizungusha kwa woga mwanzoni, kisha kwa hasira, na upepo ulikuwa unatoka baharini moja kwa moja usoni kwake. Samadi iliruka ikamrudia. Ilimwingia kifuani, kwenye mikono ya kanzu, kwenye ndevu, kwenye kile kishada chenye uturi. Akapanda tuta akashuka, akapanda jingine, na alipogeuka upande wetu hakuwa mweupe tena popote isipokuwa macho. Mtu wa mabwawa alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona adabu, akaingia garini, akaondoka zake. Kaka alilitazama gari lile likitokomea na hakuliita.

"Hii nini?" mama akamuuliza, akionesha kanzu.

Kaka akatema. Nilidhani atajibu kwa Kiarabu.

"Samadi," akasema, kwa Kiswahili, na akalitamka kama kwao.

Mimi sikumpa hata kitambaa cha kujipangusia. Nilikaa chini ya mtende nikala tende, na nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Mama alikuwa hamtazami tena. Alikuwa anatazama chini, pale samadi ilipoangukia, akitembea polepole kwenye tuta.

"Upande huu hakujaenea," akasema. "Rudia."

Akarudia.